Jina Alilonyamazia

Nina kitendawili, na ninakitega kwako wewe uliyekaa karibu. Kuna kitu humulika uso wa mtoto anayelia mpaka akanyamaza. Si jua, si taa, si moto wa jiko. Ni nini hicho?

Jibu lako liweke chini ya ulimi kwanza. Ukishindwa utanipa mji, na mimi siku hizi sitaki Mombasa wala Kisumu. Nitachukua Kawangware, kwa sababu huko ndiko nilikotegewa hiki kitu kabla sijajua kuwa ni kitendawili.

Mimi ni Nereah. Hapa Mashimoni, Kibera, majirani huniita Nyar Alego, maana nilitoka Alego kuja kuolewa na sijarudi ila kwa matanga. Nilizaa wana wawili, Duncan na Osewe. Duncan yuko Doha, analinda lango la jumba ambalo hajawahi kuingia ndani. Osewe hayuko. Ukuta wa mjengo ulimwangukia akichanganya simiti, kijana ambaye akicheka hata mabati ya jirani yalikuwa yanajua. Hakuacha mtoto. Na kwetu, mtu akienda bila kuacha mtoto, jina lake hubaki nje kama mtu aliyefungiwa mlango, anangoja azaliwe wa kulipokea.

Kwa hivyo mke wa Duncan alipojifungua mtoto wa kiume, mimi nilianza kungoja.

Mke mwenyewe anaitwa Valerie, binti ya Mburu, mzaliwa wa Kawangware. Msichana mzuri, mwepesi wa kucheka, mwepesi wa kazi. Siku ya kwanza Duncan alipomleta nyumbani nilimtegea vitendawili vitatu, akategua vyote kabla chai haijapoa. Nikasema huyu ni wangu.

Sasa mtoto huyo alilia. Alilia mpaka majirani wa ploti yao kule Gatina, Kawangware, wakawa wanagonga ukuta. Kliniki wakasema ni tumbo, litapita. Mimi nikasema, huenda ni tumbo, lakini pia huenda kuna mtu anabisha hodi. Kwetu mtoto akilia hivyo, hana homa, hana njaa, wakubwa hukaa naye wakamtajia majina ya waliotangulia, moja moja, bila haraka. Jina atakalolinyamazia, basi huyo ndiye aliyekuja, na hilo ndilo jina lake. Usicheke. Mimi mwenyewe nilipatikana hivyo, ni nyanya yangu aliyekuja.

Jumapili baada ya kanisa nikamchukua shemeji yangu Jeconia, ndugu ya marehemu mume wangu, mzee wa mwisho wa ukoo wetu hapa Nairobi, tukaenda Gatina. Chumba cha Valerie kilikuwa na giza mchana kweupe. Anauza nguo za mitumba kwa simu, kwa hivyo kuta zote zilikuwa zimevikwa marinda na makoti, dirisha nalo limefunikwa na blanketi za watoto. Tukakaa mkekani. Nikampakata mtoto, nimemfunika leso. Valerie akapiga magoti ubavuni mwangu, mkono mmoja umeinua simu ili Duncan aone kutoka Doha, mkono mwingine ndani ya leso, nikadhani ameshika mguu wa mwanawe.

"Mama, sikuoni," Duncan akasema. "Naona tu dari."

"Sura yangu ya nini? Tazama mwanao."

"Naye simwoni. Namsikia tu."

"Hata Kisumu wanamsikia," Jeconia akasema. "Haya, anza na baba yangu."

Nikainama sikioni. "Wewe ni Obonyo?" Mtoto akalia. "Wewe ni Amondi?" Huyo alikuwa mama mkwe wangu. Mtoto akanipiga teke la kifua. Jeconia akanong'ona, "Polepole, wazee hawapendi kusukumwa." Nikataja wajomba, nikataja mashangazi, nikataja hata mume wangu. Kilio kikazidi kupanda.

Jina la Osewe nilikuwa nimeliacha nyuma. Si kwa mpango. Kila nilipolifikia, niliruka kwa jina jingine. Mwishowe nikalisema. "Wewe ni Osewe?" Akalia. Nikalirudia, na machozi yangu yakaanza kumdondokea shavuni, nikalirudia tena, sasa si kuuliza, ni kuita, vile nilivyokuwa nikiita jioni chakula kikiiva. Osewe. Osewe wangu.

Mtoto akanyamaza.

Akanyamaza jii. Nikamtazama, na uso wake ulikuwa umeng'aa. Ninakwambia niliuona. Mwanga mweupe wenye ubuluu kidogo, kama maziwa yaliyotiwa maji, ulikuwa kidevuni na chini ya macho, na macho yenyewe yamefunguka, yametulia, yanatazama chini kama mtu anayesoma barua. Jeconia akavua kofia. "Amefika," akasema. Kule Doha Duncan akaanza kulia, halafu mtandao ukakwama, akabaki mdomo wazi kama samaki. Valerie alinitazama mimi, si mtoto.

Nilirudi Mashimoni nikitembea kama msichana. Mbula, jirani yangu wa mlango kwa mlango, Mkamba wa Kitui asiye na siri wala sauti ya chini, alinipigia vigelegele mpaka kuku wakatawanyika. "Nyar Alego amerudishiwa mtoto!" Nikalala usingizi ambao sikuwa nimelala tangu ukuta ule uanguke.

Mtoto alipoanza kutambaa nikawa naenda Gatina mara kwa mara kumsaidia Valerie. Ndipo nikaona kazi yake ilivyo. Anasimamisha simu kwenye kijiti chenye miguu, anapaka midomo rangi, anaenda laivu. "Warembo wangu, karibuni! Hii rinda haijavaliwa hata kwa harusi ya jirani! Anayeitaka aandike 'yangu', wa kwanza ndio ataenda nayo!" Na watu wasioonekana wanaandika: yangu, yangu, yangu, maandishi yanapanda kwenye kioo kama siafu.

Kazi hiyo haitaki kilio. Kwa hivyo mtoto alikuwa na simu yake, ya zamani, iliyopasuka kioo. Humo kuna bata wa katuni anayepiga makofi na kuimba. Valerie akimwekea bata, mtoto anakaa juu ya rundo la nguo kama mfalme, haangalii kushoto wala kulia. Wateja walikuwa wanamwona nyuma ya mama yake wakampa jina lao wenyewe. Bosi. Kwa sababu ya kule kukaa.

Mimi nimesoma mpaka darasa la saba, kwa hivyo maandishi yale niliyasoma. "Bosi yuko wapi leo?" "Bosi yangu!" "Hiyo koti sitaki, nataka huyo mtoto, yangu, nitumie na boda." Na vile vichwa vya njano vinavyocheka mpaka machozi.

"Valerie," nikasema alipozima, "kwa nini watu wanaandika mtoto ni wao?"

"Ni utani tu, Mama. Wanampenda."

"Wanamjua?"

"Wanamjua Bosi. Akitokea, nguo zinaisha haraka."

"Na Osewe wanamjua?"

Akakunja koti polepole. "Hilo ni jina la nyumbani, Mama."

Lakini hata nyumbani sikuona likifanya kazi. Nilikuwa nikikaa nyuma ya mtoto, ninaita, "Osewe," kwa sauti laini. Kimya. "Osewe, njoo kwa nyanya." Kimya. Nikaogopa masikio. Kliniki nesi akapiga kengele ndogo nyuma yake, akageuka mara moja. Nesi akasema mtoto anasikia kuliko sisi. Basi tatizo halikuwa sikio.

Siku moja nilikuwa nikichambua sukuma wiki kwenye kile chumba chenye giza, mtoto ameshika simu yake ya kioo kilichopasuka, sauti imezimwa kwa sababu mama yake yuko laivu. Nikainua macho. Nikauona ule mwanga. Mweupe wenye ubuluu, kidevuni na chini ya macho. Macho yametulia, yanatazama chini kama mtu anayesoma barua.

Kisu kilianguka kwenye sufuria, Valerie akanifanyia ishara ya mdomo kwamba nipunguze kelele.

Kumuuliza mke wa mwanangu moja kwa moja ni kumshitaki. Kwa hivyo jioni, akitundika marinda, nikamtegea. "Kuna kitu humulika uso wa mtoto anayelia mpaka akanyamaza. Si jua, si taa, si moto wa jiko. Ni nini?"

Msichana ambaye alikuwa akitegua vitendawili kabla chai haijapoa akabaki amenipa mgongo, hanga mkononi.

"Nimeshindwa, Mama. Chukua mji."

"Hujajaribu."

"Chukua tu mji wowote."

Simu yake ikalia, akatoka nje kuongea na mteja. Kitendawili nikakiacha kimening'inia mle ndani pamoja na makoti. Sikumkazia. Nani anakimbilia kuzika mara ya pili?

Halafu kukawa na lile jambo la mferejini. Nilikuwa kwenye foleni ya maji, mtoto nimembeba ubavuni, mwanamke mmoja wa nywele ndefu za kusuka akapiga kelele, "Woi! Ni Bosi!" Kabla sijapumua amemnyakua mikononi mwangu, ameinua simu, wanapigwa picha shavu kwa shavu. Sikumjua kwa jina wala kwa sura. Nikapiga ukwenzi: "Mwizi wa mtoto! Mwizi!" Unajua Kawangware ukitaja mwizi. Watu walitoka hadi kwenye bafu na sabuni masikioni.

"Si mwizi mimi!" yule mwanamke akalia. "Niko na picha zake zote! Namjua tangu akiwa mdogo!"

Valerie akaja mbio, akaomba msamaha. Lakini alimwomba yule mwanamke. "Samahani sana, dada, huyu ni mamake mzee wangu, hakujui. Mama, huyu ni mteja!"

"Mteja wa nguo au wa mtoto?" nikamuuliza.

Mtoto alipoanza kutembea, nikaomba nikae naye Mashimoni kidogo. Valerie alikuwa anangojea bale mpya la mitumba kutoka soko la Gikomba, akakubali. Akampakia nguo, uji, na ile simu ya kioo kilichopasuka. "Akisumbua mpe bata."

Bata hakufika mbali. Stima ya kwetu ilikatwa siku ileile na simu ikazimika. Mtoto alilia, tukalia wote, Mbula akaleta sufuria na mwiko akampigia ngoma. Kesho yake alilia kidogo. Halafu akaanza kuona vitu. Akaona kuku. Akaona maji yakimiminwa kutoka kwenye mtungi, akacheka kicheko ambacho, wallahi, nilikijua. Nikamtegea vitendawili vya watoto na kumjibia mwenyewe. Nikamwita Osewe nikimpa uji, Osewe nikimwosha, Osewe nikimfunga leso. Mara moja, mara moja hivi, nilisema "Osewe" naye akainua kichwa. Labda aliona nzi. Mimi nilichukua kuwa ameitika.

Mchana mmoja nilikuwa nimeanika omena, dagaa wa ziwani, kwenye gunia mbele ya mlango. Mawingu yakaanza kujikusanya, nikainama nikusanye omena kabla mvua haijanyesha. Nilipoinuka, mtoto hakuwepo.

Wewe uliye na mtoto unaijua ile baridi. Vichochoro vyetu ni vyembamba, kila kona ina kona nyingine, na nyuma ya nyumba yetu kuna mtaro unaokwenda mtoni. Huko juu mtaro unakotoka, mvua ilikuwa imeshanyesha. Mtaro ulikuwa umejaa, maji meusi yanakimbia na chupa na viatu.

"Osewe!" Nikaita mkono wa kulia. "Osewe!" Nikaita mkono wa kushoto. Nilisimama juu ya ule mtaro nikaita jina la mwanangu aliyekufa juu ya maji, na sauti yangu ikanitisha mimi mwenyewe.

Mbula akatoka na unga mikononi. "Nini? Mtoto? Yesu wangu! Ngoja nimpigie mamake." Yeye simu yake ilikuwa na chaji. Akampigia Valerie, akasema kwa ile sauti yake, kichochoro kizima kikasikia.

Valerie alikuwa laivu. Alilia hapo hapo mbele ya wateja wake wote, akasema mtoto amepotea Kibera alikokuwa na nyanyake, halafu akakimbia kutafuta boda. Lakini maneno yakibaki humo bila mwenyewe, watu huyapika upya. Sikuwa nimefika mwisho wa kichochoro vijana walipokuja, wamenizunguka.

"Niaje mathe. Si ni wewe huyu?"

Wakanionyesha simu. Nilikuwa mimi, nimepita nyuma ya marinda ya Valerie siku fulani, nimembeba mtoto, uso umekunjamana kwa sababu ya taa. Chini wameandika: *Huyu mama ameiba Bosi. Ameonekana Kibera. Sambaza.*

"Mtoto uko naye wapi?" mmoja akaniuliza, mkono tayari kwenye leso yangu.

Nilitaka kusema mimi ni nyanyake. Badala yake nikakumbuka yule mwanamke wa nywele za kusuka, alivyokuwa akilia huku watu wenye sabuni masikioni wamemzunguka.

Mbula akawapasua katikati kama anapita kwa mlango wake. "Ameiba nini? Nani huiba mjukuu wake? Wewe, mimi ninamjua mama yako, unataka nimwite? Kama una mikono ya kushika mtu, ishike ile mitungi utazame nyuma yake! Mtoto huenda yuko majini na wewe uko kwa simu!"

Yule kijana akaachilia leso yangu. "Pole, mathe," akasema, na wakatawanyika, wanaita. Lakini waliita jina walilolijua. "Bosi! Bosi!" Huku wao Bosi, huku mimi Osewe, majina mawili yanagongana juu ya mabati, na mtoto haitikii hata moja. Matone ya kwanza yakaanza.

Valerie akafika na boda, mguu mmoja una ndara, mwingine hauna. Nilimkimbilia nikiwa na maneno mengi, hakuyangoja. Hakuita. Hakusema Bosi, hakusema Osewe. Aliinua mkono.

"Nyamazeni. Nyamazeni wote, tafadhali."

Akashika simu yake juu ya kichwa na kuifungulia sauti mpaka mwisho. Bata akaanza kuimba na kupiga makofi, pale, katikati ya Mashimoni, watu wazima wamesimama kimya kwenye mvua kama wako kanisani.

Mume wa Mbula, Musembi, ni fundi wa mbao. Kando kabisa ya mtaro alikuwa ameweka kabati ambalo halijapata milango, amelifunika gunia lisilowe. Gunia likatikisika. Mkono mdogo ukatokea, halafu kichwa chenye vumbi la mbao. Mtoto akateremka upande wa mtaro, kisigino kikagusa ukingo. Akajisawazisha, akaja. Nilikuwa nimepiga magoti njiani mikono wazi. Akanipita. Alikwenda kwa mama yake, nilidhani, mpaka nikaona mikono yake imeinuliwa juu zaidi ya uso wa mama yake, kwenye simu.

Watu wakapiga makofi pamoja na bata. Kijana mmoja alikuwa anarekodi.

"Zima hiyo simu," Valerie akamwambia, na sikuwahi kumsikia akiongea hivyo.

Tuliingia nyumbani kwangu. Mvua ikapiga bati kwa nguvu, mlango umefungwa, stima bado hakuna. Mbula akatuwekea chai akaondoka bila kusema neno, jambo ambalo Mashimoni hawataliamini. Mtoto akakaa katikati yetu kitandani, kavu, amefunikwa leso, simu ya mama yake mapajani. Katika giza lile uso wake ukawaka. Kidevuni. Chini ya macho. Macho yametulia, yanatazama chini.

Mimi nikamwona. Valerie akamwona. Halafu akaniona nikimwona.

Sikuuliza. Nilikuwa nimechoka hata na jibu. Nikanyoosha mkono nikamtoa mtoto vumbi la mbao kichwani.

"Mama," Valerie akasema. "Kile kitendawili chako."

"Kipi?"

"Cha uso."

"Ulinipa mji. Kiliisha."

"Hakikuisha." Akavuta leso, akaikunja ncha yake kidoleni, akaikunjua. Bata alikuwa amemaliza wimbo na kuanza tena. "Ni simu, Mama. Ile ya zamani. Nilikuwa nayo ndani ya leso, mkono huu." Akauinua mkono wenyewe niuone. "Nyinyi wawili, wewe na mtoto, mlikuwa mnalia. Na mimi nilijua kunyamazisha mmoja tu."